Meza Isiende Kasulu

Nilipofika Kibondo nilikuwa na shahada mpya, koti la sufu nililoazima kwa kaka yangu, na tabia ya kufikiria jambo mpaka likaoza. Siku ya tatu ofisini walinifanyia chai ya kunikaribisha. Alikuwepo nesi mmoja wa hospitali ya wilaya, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano ambaye sauti yake ilifika mlangoni kabla yake. Aliniuliza kama huko chuo kikuu nilikuwa nacheza mpira wa meza.

"Kidogo," nikasema.

Nilisema kweli. Nilikuwa nimecheza jioni chache tu, na mara nyingi nilipewa kazi ya kutunza pointi kwa sababu wenzangu waligundua kwamba nahesabu vizuri kuliko ninavyopiga. Lakini nilisahau jambo ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri katika nchi yetu analijua. Mwenye ng'ombe hamsini ukimuuliza kama anafuga, atakujibu kwamba anafuga kidogo. Fundi aliyejenga nusu ya mji atakuambia anajuajua kidogo. Asiyejua kabisa ndiye husema sijui. Nesi aliwageukia wenzake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mmesikia? Kidogo. Na huyu katoka Dar es Salaam."

Nilitaka kusahihisha. Nilitunga sentensi, nikaipima, nikaona itasikika kama unyenyekevu wa kuzidisha, yaani majivuno makubwa zaidi, nikaiacha. Chai ilipokwisha nilikuwa mchezaji wa tatu wa timu ya wilaya.

Ubaya wa jambo hilo hauonekani mpaka nieleze habari za meza yenyewe. Miaka michache kabla sijafika, meza halisi ya mchezo, ya kijani, yenye miguu ya kukunja na wavu wake, ililetwa kwa treni hadi Kigoma. Sanduku liliandikwa tu kwamba ni ya watumishi wa wilaya za juu. Kasulu wakasema wilaya za juu ni Kasulu. Kibondo wakasema ukitoka Kigoma, Kasulu unaipita ndipo unafika Kibondo, kwa hiyo aliye juu ni nani? Watu wa mkoani hawakutaka kesi. Wakaamua ichezewe. Kila mwaka, maharage yakishavunwa, watumishi watatu wa kila wilaya wanakutana, na wilaya inayoshinda inakaa na meza mpaka mwaka mwingine. Na kulikuwa na sharti ambalo sijui nani alilianzisha: walioshindwa ndio wanaoikunja meza, wanaibeba kwa mikono yao, na kuipandisha kwenye lori la washindi.

Mwaka ule meza ilikuwa kwetu. Mchezaji wetu wa tatu, mpimaji wa ardhi, alikuwa amehamishwa. Mimi ndiye nilichukua nafasi yake.

Katika mazoezi ya kwanza, mpira wangu wa kwanza ulitoka dirishani. Wa pili ulitoka dirisha lilelile. Tarishi wa ofisi yetu, ambaye alikuwa mchezaji wa pili, aliufuata nje mara nne, akarudi mara ya tano akauweka mezani, kisha akakaa chini sakafuni akicheka hadi machozi.

Nesi hakucheka. "Hiki ndicho kidogo chenyewe?"

"Ndicho, dada."

"Kumbe ni kidogo cha kweli."

"Nilitaka kusema."

"Ungesema, baba. Mdomo unao." Akakaa kwenye benchi. "Majina yameshakwenda Kasulu kwa barua. Tukikutoa watasema tumeogopa, na tukikuacha tutaibeba meza." Alifikiri kidogo. "Twende kwa mwalimu."

Mwalimu hakuwa na shule. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi aliyevuka mpaka kutoka Burundi na mkewe na kuacha huko kila kitu, pamoja na darasa alilokuwa akifundisha kwenye shule ya misheni. Sasa alilima maharage na mihogo nje kidogo ya mji. Kila Jumamosi, akishauza maharage yake sokoni, aliingia ukumbini penye meza na kibao chake cha kuchezea kilichofungwa kwa kitambaa, akacheza na yeyote aliyekuwepo mpaka jua likashuka, kisha akarudi kwake. Hakuna aliyewahi kumshinda. Lakini hakuwa mtumishi, kwa hiyo hakuweza kuingia kwenye timu.

Njiani nesi aliniambia jambo ambalo lilinifanya nisilale vizuri kwa majuma sita. Mwaka juzi meza ilipokuwa Kasulu, watu wa Kibondo walicheza kwenye meza mbili za ofisi zilizosukumwa pamoja, zenye ufa katikati. Mwalimu alijaribu mara moja, akaona mpira unaruka kama panzi, akafunga kibao chake. Kwenda Kasulu kuifuata meza hakuweza. Mkimbizi alihitaji kibali cha kutoka nje ya wilaya, na hakuna ofisa ambaye angeandika kibali cha kwenda kucheza mpira.

"Mwaka mzima hakuja?" nikauliza.

"Hakuja. Muulize mkewe mwaka ule ulikuwaje."

Sikumuuliza. Alisema mwenyewe, baadaye, wakati ananifundisha kumenya mihogo.

Maana mwalimu alipoona ninavyopiga alisema jambo moja tu. Alisimama mbali na meza, hatua mbili nyuma, ubavu mmoja mbele. Aliniambia nimpigie kwa nguvu zangu zote. Nikapiga. Kibao chake kilitoka karibu na sikio, kikashuka, kikapita chini ya mpira kwa mbele, na mpira ukarudi kwangu ukielea, ukagusa upande wangu wa meza, kisha ukasita, kana kwamba umesahau kitu ulikotoka. Niliupiga ukazama wavuni. Nikapiga kumi, na yote kumi ikazama.

Kisha akasema nijaribu mimi. Nikashusha kibao kwa nguvu. Mpira ukaanguka miguuni pangu.

"Buhoro, mwanangu," akasema. Polepole. "Unachanja kuni. Mimi sikukutuma kuni. Menya."

"Nimenye?"

"Umewahi kumenya muhogo?"

Nilisema kidogo, nikajishika mdomo. Nikasema hapana, sijawahi kabisa.

Ndivyo nilivyojikuta Jumapili nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao, mhitimu wa chuo kikuu, na rundo la mihogo mbele yangu. Mkewe alinionyesha. Unachanja ganda kwa urefu, halafu kisu unakilaza, unakipitisha chini ya ganda, unasukuma. Ukikisimamisha kisu unakula muhogo. Ukikilaza mno kinateleza juu ya ganda na hakuna kinachotoka. Wanawake wa jirani walikuja kuchota maji wakasimama kutazama.

"Huyu ni nani anayeuogopa muhogo?" akauliza mmoja.

"Ni ofisa wa serikali," akajibu mke wa mwalimu.

"Basi ndiyo maana anaumenya kama anatia saini."

Walicheka, na mimi nikacheka, jambo ambalo lilinishangaza. Walipoondoka mama alisema, macho yakiwa kwenye kisu chake, "Mwaka ule meza ilipoondoka hakuongea. Hakuwa mgonjwa. Analima, anakula, analala. Ila haongei. Sasa akirudi Jumamosi anaongea mpaka ugali unapoa." Akanisogezea muhogo mwingine.

Nilianza kuelewa mkono. Kibao kinalazwa, si sana. Mpira unauacha ushuke hadi usawa wa kiuno, kwa sababu ukiuwahi juu bado una hasira ya aliyeupiga. Magoti yanakunjwa. Mkono hauishii kwenye mpira, unaendelea mbele kama unamkabidhi mtu sahani. Nilinunua daftari nikachora haya yote, na mishale na pembe, kurasa thelathini na moja. Nikampelekea mwalimu. Alilipekua lote kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Vizuri," akasema. "Na hapa mpira uko wapi?"

Nilikuwa nimesahau kuuchora mpira.

Kufikia juma la nne nilikuwa narudisha karibu kila kitu ambacho nesi alinipigia. Ndipo mwalimu akanifundisha somo la mwisho, ambalo sikuliweza. Alisema kuna mpira mzito na kuna mpira mtupu. Mzito ni huo tunaoukata, unaozunguka kurudi nyuma. Mpinzani asipouinua unazama wavuni, kwa hiyo naye hujifunza kuuinua. Akishazoea kuuinua, unampa mtupu, usiozunguka. Atauinua vilevile, nao utapaa na kutoka nje. Lakini mkono lazima ushuke kwa namna ileile, asione tofauti. Kifundo cha mkono peke yake ndicho kinacholala.

Kila nilipotaka kutoa mtupu, nilitoa mzito. Na kila mara mwalimu alijua kabla sijapiga.

"Uso wako unatangaza," akasema. "Ego, ndiyo, kama redio. Saa imetimia, sasa inakuja taarifa ya habari: kijana atatoa mpira mtupu."

"Nifanyeje, mwalimu?"

"Sijui. Mimi sikuwahi kuwa na uso wa namna hiyo."

Kasulu walifika Jumamosi, na lori, na kamba za kufungia meza zikiwa zimewekwa makusudi juu ya mizigo ili tuzione. Salamu zilichukua muda mrefu, mikono ikipigwa makofi taratibu, watu wakiulizana habari za wazazi na mashamba na ng'ombe, na katikati ya salamu hizo mzee mmoja wa kwao alipima upana wa mlango wetu kwa hatua zake.

Nesi alishinda mchezo wa kwanza huku akimsimulia mpinzani wake habari za sindano. Tarishi akapoteza wa pili. Ukabaki wangu.

Mpinzani wangu alikuwa karani wa mahakama, mtu mnene mwenye kofia ya kiua, mwenyeji wa Ujiji aliyekaa Kasulu miaka mingi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bwana mdogo, nimesikia unacheza kidogo."

"Ndiyo, mzee."

"Mungu atunusuru na wanaocheza kidogo."

Tulipoanza niligundua jambo la kutisha. Alikuwa mkataji kama mimi. Hakupiga. Alirudisha tu, akikohoa kidogo kila baada ya mpigo, na mimi nikarudisha, na yeye akarudisha. Seti ya kwanza nilichukua mimi, ya pili akachukua yeye, na hakuna mtu ukumbini aliyejua zilichukuliwaje. Seti ya tatu mpira mmoja ulikwenda na kurudi kwa muda mrefu hivi kwamba mtu aliyekuwa ametoka kwenda msalani alirudi akaukuta ukiendelea. Watoto walisinzia madirishani. Tulifika kumi na nane kwa kumi na nane. Mwamuzi, ambaye alikuwa afisa utamaduni na hakumpendelea yeyote, alitazama saa yake mara ya tatu akainua mkono.

"Ndugu zangu, lori haliwezi kurudi gizani kwa barabara ile. Napendekeza turushe shilingi."

Watu wa Kasulu walisema sawa. Wetu walinung'unika, lakini hakuna aliyekuwa na wazo jingine. Isipokuwa mimi.

Nilikuwa na kijitabu cha sheria za mchezo mfuko wa nyuma. Nilikisoma mara nyingi usiku, kwa kuwa kusoma kulikuwa rahisi kuliko kucheza, na nilijua kuna sheria kwa ajili ya seti inayopita robo saa. Kila mtu anaanzisha mara moja moja kwa zamu. Anayepokea akirudisha mpira mara kumi na tatu, pointi ni yake. Yaani anayeanzisha lazima ashambulie au apoteze. Mimi sikujua kushambulia. Shilingi ilinipa nusu ya bahati. Sheria ilinipa nini? Nilihesabu. Akianzisha yeye, nitarudisha kumi na tatu. Nikianzisha mimi, atarudisha kumi na tatu. Tungekwenda sawasawa hadi Krismasi. Na nikisema, watasema msomi ameleta ujanja. Nikinyamaza, shilingi itaanguka ilivyo, na kwenye benchi karibu na dirisha alikaa mwalimu, mikono juu ya magoti, na sikutaka kuja kukumbuka kwamba nilijua nikanyamaza.

"Ipo sheria," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Ya wapi?" akauliza mtu wa Kasulu. "Ya chuo kikuu?"

Karani wa mahakama alinyoosha mkono. "Imeandikwa?"

Nilimpa kijitabu. Kilikuwa cha Kiingereza. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima kimyakimya, akarudia, kisha akawatafsiria watu wote kwa sauti aliyozoea kusomea hukumu. Alipofika kwenye kumi na tatu aliinua kidole.

"Sheria ni sheria," akasema, akanirudishia. "Japo inaniumiza mimi kama inavyomuumiza yeye."

Ukumbi wote ukaamka. Sasa kulikuwa na kitu cha kuhesabu, na walihesabu kwa sauti moja, hata watoto madirishani, kila mara mpokeaji aliporudisha. Nilianzisha mimi, wakahesabu mipigo ya karani hadi kumi na tatu, kumi na nane kwa kumi na tisa. Akaanzisha yeye, wakanihesabia mimi hadi kumi na tatu, kumi na tisa sawa. Ikawa hivyo. Ishirini sawa. Na kwa kuwa lazima mtu azidi kwa pointi mbili, tuliendelea. Ishirini na moja sawa. Ishirini na mbili sawa. Karani alivua kofia akaiweka kwenye kiti. Bega langu lilikuwa linawaka, na vidole havikuhisi tena mpini wa kibao.

Kwenye ishirini na mbili nilianzisha mimi. Saba, wakahesabu. Nane. Mkono ulishuka. Tisa. Mkono ulishuka tena, na nilijua nimekosea, kwa sababu kifundo hakikufanya chochote. Hakikukata. Kilining'inia tu kama kamba, na mpira ukaenda kwa karani ukiwa na sura ya mpira mzito na hauna kitu ndani. Aliuinua kama alivyoinua mingine yote. Ulipaa, ukapita juu ya kichwa changu, ukagonga ukuta chini ya saa.

Watu walikuwa tayari wamevuta pumzi ya kusema kumi.

Ishirini na tatu kwa ishirini na mbili. Zamu yake kuanzisha. Ilimbidi ashambulie, na alishambulia, mtu mzima yule, akarukaruka kwa miguu ambayo nadhani haikuruka tangu ujana wake. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukakaribia dirisha. Sina maelezo mengi ya pointi hiyo. Magoti yalikunjwa, mpira ulishuka hadi kiunoni, nikamenya. Walisema kumi na moja. Walisema kumi na mbili. Wa mwisho ulipita sentimita chache juu ya wavu, ukagusa kwake, na ukumbi ukasema kumi na tatu kabla hajaufikia.

Nilikaa sakafuni. Hofu ya tangu siku ile ya chai iliniachia, na nikavuta hewa nyingi mno hadi nikakohoa kama karani.

Karani alikuja akanisimamisha mwenyewe. "Ule mtupu," akasema, "ule ulinizika hai. Uliutunza mchana kutwa, sivyo? Mwanasheria aliyepotea wewe."

Tarishi alinibeba kidogo akashindwa. Nesi alikuwa anawaambia watu wa Kasulu kwamba aliniona tangu siku ya kwanza, kwamba mtu akisema kidogo kwa sauti ile lazima anaficha kitu. Wote walisema mpira mtupu, mpira mtupu, ujanja wa msomi. Nilitabasamu. Na hapohapo, ahueni yangu ikiwa haijamaliza hata robo saa, nilianza kuwaza. Haukuwa ujanja. Nilipewa sifa ya kitu ambacho sikukifanya, na sasa nilitakiwa ama kuwaambia, ama kuishi nacho.

Mwalimu alikuwa ameinuka benchini. Aliwapisha watu, akasubiri hadi nikabaki peke yangu karibu na meza.

"Mkono ulichoka," akasema.

Sikupima sentensi yoyote. "Ndiyo, mwalimu. Sikukusudia. Hata sikujua unatoka."

"Niliona. Uso ulikuwa umenyamaza." Alianza kufungua kitambaa cha kibao chake, taratibu, akakikunja na kukitia mfukoni. "Basi sasa unaujua mkono uliochoka unavyofanya. Tutaufundisha kufanya hivyo ukiwa haujachoka. Kazi ya mwaka mmoja. Mwaka tunao."

Nje, watu wa Kasulu walikuwa wanazirudisha kamba zao kwenye lori, na nesi akiwafungia ndizi za njiani. Nilimwambia mwalimu kwamba bega langu haliwezi hata kuinua kikombe.

"Oya, hapana, usiinue," akasema, akihamia upande wa pili wa wavu. "Wewe simama tu hapo. Nitakupigia polepole."

Akaanza kuniambia habari za mvulana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, aliyeshika kibao kama kijiko. Aliongea huku anapiga, na aliendelea kuongea, na mipira yake ikanijia mmoja baada ya mwingine, na mingine niliirudisha.